Utabiri wa Rhobi

Harufu ya udaga unaokauka juu ya mwamba ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Kenyamonta, kwenye miezi ile ya baridi ambayo upepo wa asubuhi ulitupasua midomo. Mihogo iliyokwisha kuvundikwa tuliivunjavunja kwa mikono, tukaisambaza juu ya jiwe kubwa nyuma ya boma, na ukali wake ukaingia hadi kwenye nguo za kanisani. Udaga huo ndio uliokuwa chakula chetu mpaka mavuno mengine, kwa hiyo kila jioni Baba alifungua redio kusikiliza hali ya hewa. Kiswahili cha redio kilimpita kushoto, na mimi Bhoke, mtoto wake wa kwanza, ndiye niliyemweleza kwa Kikurya. Kazi hiyo niliipenda kuliko kula.

Likizo ya Juni akaja Rhobi, binti wa baba mdogo, kutoka Turwa mjini. Kiswahili chake kiliteleza, lakini hilo ningelivumilia. Lililonikera ni jina. Alirithi jina la marehemu bibi, mama mzazi wa Baba, kwa hiyo Baba alimwita Mama, tena kwa heshima zote, akampa kigoda changu karibu na redio, pamoja na kazi yangu ya kumweleza. Nilikaa mlangoni nimenuna, roho inaniuma kweli kweli.

Jioni moja redio ikatangaza mvua katika maeneo machache ya mkoa wa Mara, na mwelekeo wa siku kumi ukasema itaendelea. Rhobi alipomweleza kwamba mvua inakuja Mara, Baba akasimama.

"Baba, Mara ni kubwa," nikasema. "Labda itanyesha Musoma tu."

"Nyamaza, Bhoke. Mama ameshasema."

Tukauzoa udaga ungali mbichi ndani, tukaujaza kwenye magunia. Mvua haikuja. Jua liliwaka, majirani wakaanika kwa raha zao, na magunia yetu yakaanza kunuka uozo. Nikasubiri kwa hamu Rhobi agombezwe, maana nilipowahi kukosea mimi nilisemwa wiki nzima. Baba alifungua gunia, akalitazama, akalifunga tena.

"Sasa mama yangu nitamgombezaje?" akasema, na yakaishia hapo.

Rhobi akarudi Turwa na kuku wa zawadi mkononi. Mimi ndiye niliyetumwa kwa majirani kuomba unga.

Siku hizi hakuna anayebahatisha kama Mara ni Musoma au ni sisi. Utabiri uko kwenye simu, wa Kenyamonta yenyewe, saa kwa saa. Mimi niko Mwanza, mtu mzima mwenye watoto, na msimu wa kuanika nampigia Baba kila jioni.

"Shikamoo Baba. Wiki hii yote ni kavu, anikeni tu."

"Marahaba, mwanangu. Asante sana."

Halafu, kabla simu haijakatika, namsikia akimwambia mdogo wangu aliye pembeni yake, "Hebu nipigie Mama kule Turwa, tumsikie na yeye anasemaje."