Kiti cha Jikoni Hujaribiwa kwa Uji

Nakumbuka, mwanangu, na pua yangu inakumbuka kabla ya kichwa: asubuhi ile mama yangu alipofika jikoni kwangu Kitomanga, akasimama mlangoni akinusa kama paka.

"Zuhura," akasema, "nani anakojoa humu?"

Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nakimbia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, wanunuzi binafsi wanakuja mpaka vijijini na malori yao kutafuta korosho. Kabla ya hapo hata sabuni tuliipangia foleni. Ghafla maduka ya Lindi yakajaa vitu ambavyo hatukujua kama tunavihitaji. Mume wangu akauza korosho zake vizuri, akaenda mjini, akarudi na viti vinne vya sponji, vimevikwa kitambaa chekundu cha manyoya, miguu ya chuma inang'aa. Mimi nilikuwa bado mbichi, na watoto wawili: Somoe, ndiyo kwanza maneno yananyooka, na mdogo wake Hamisi, anayesimama kwa kushikilia vitu. Viti vile vilinichota akili.

Utaniuliza viti vya namna hiyo viliingiaje jikoni. Kwetu jikoni ndiko watu waliko. Wanawake wakija kuomba moto au chumvi hupitia uani, na chakula tulikula humo humo. Ningeviweka chumbani, nani angeviona? Nikavipanga karibu na mafiga. Na vile vigoda vya mti alivyonipa mama nilipoolewa nikavipasua kwa shoka, nikavichemshia chai ya wageni waliokuja kutazama viti. Wakasifu. Na chai ilikuwa tamu, nisiseme uongo.

Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Viti vyangu ndani hata huo mti haukuwamo. Mlikuwa na sponji, na sponji haisahau kitu. Somoe akimwaga uji, inakunywa. Hamisi akikojoa, inakunywa. Mchuzi wa samaki, tui, machicha, vyote vilishuka humo, nami nafuta juu, naona pamekauka, natembea zangu. Baada ya muda Somoe akatoka vipele vya makalio, vikawa majipu, akawa analala kifudifudi. Nikapaka mafuta ya nazi, nikapaka majani, nikaapa kuwa ni kijicho cha majirani, na asubuhi ile nikamwambia mama hivyo hivyo.

"Kijicho hakinuki mkojo," mama akasema.

Alikuwa amekuja kutoka Kilangala kutusalimia tu, na kifurushi cha makopa ya muhogo kichwani. Hakukaa. Alichukua bakuli la uji wa Somoe, akalimimina lote katikati ya kiti chekundu, polepole, kama anayemwagilia mchicha.

"Osha."

Nikaosha. Nikasugua kwa sabuni na maji ya moto, jasho linanitoka, yeye ananitazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Kaa."

Nikakaa. Maji yakapanda, ya vuguvugu, yananata, yamechanganyika na kila kilichozama humo tangu kiti kilipoingia nyumbani. Khanga ikaloa mpaka mapajani. Nikataka kuinuka, akaniwekea mkono begani.

"Tulia. Mwanao anakaa hivyo kutwa."

Kisha akafunga nguo za Somoe kwenye khanga. Mwanangu, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na bibi akisema namchukua mjukuu wangu, baba mtu hukuna kichwa na mama mtu hunyamaza. Wako waliochukuliwa hivyo wasirudi. Wamekulia kwa bibi, na siku unapokutana na wako ni binti mrefu anayekuamkia kama mgeni.

"Akipona nitakuja naye," mama akasema. "Nikikuta jikoni kwako pana pa kumweka, nitamwacha. Nisipokuta, atakulia kwangu."

Somoe akaondoka mgongoni kwa bibi yake, hakulia. Nililia mimi.

Nikabaki na viti vinne na sikuweza kukaa hata kwenye kimoja. Nilipika nimesimama, nikala nimesimama. Nikichukua ufagio nasahau nilikuwa nafagia wapi. Naye Hamisi akajivuta kwenye mguu wa chuma ili ainuke, kiti chepesi kile kikamwangukia, kichwa chake kikalala kando ya figa. Moto uliunguza khanga niliyomfunga, haukufika mwilini. Nikavitupa viti vyote nje. Mume wangu akaniuliza nimepatwa na nini.

"Nataka viti vingine."

"Mama Somoe, watu watasema korosho zimeniishia."

"Waache waseme. Korosho utaokota nyingine. Mimi nataka mtoto wangu."

Nikapanda lori kwenda Lindi, Hamisi mgongoni, mkononi chupa ya uji. Ndiyo, uji. Dukani kulikuwa na viti vya plastiki, vigeni wakati huo, watu wanavigonga kwa vidole kusikiliza mlio. Nikavuta kimoja chenye nakshi ya maua sehemu ya kukalia, nikakimwagia uji. Muuzaji, kijana wa mjini, akaruka.

"Mama, umekuja kununua kiti au kukilisha?"

"Nipe kitambaa."

Nikafuta. Uji ukajificha kwenye maua, haukutoka.

"Lakini hivi vya maua ndivyo vinavyokwenda," akasema.

"Viende salama. Mimi sina mswaki wa kukisugulia kiti meno."

Kingine hakikuwa na nakshi, kilifutika vizuri. Nikakikalia, nikaegemea nyuma kiti kikabaki kwa miguu miwili, kama wafanyavyo watoto, miguu yake ikatanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Watu wakacheka, nikawaacha na meno yao. Mwisho nikapata kimoja kizito, laini, cheupe ili uchafu usipate pa kujificha. Hicho nikakichukua kwa ajili ya wazee wenye magoti mabovu.

Kwa watoto nikaenda kwa seremala wa Mitwero. Nikamwambia nataka benchi fupi la mninga, pa kukalia pawe ubao mmoja usio na ufa, kingo ziwe mviringo, msumari usionekane juu, apige msasa mpaka kiganja kiteleze. Miguu itanuke chini. Na urefu wake, mtoto akikaa nyayo ziguse sakafu. Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni.

"Dada, hiyo si fenicha. Hicho ni kibao cha kufulia."

"Hicho hicho. Anza kukata."

Benchi lilipofika nikatuma salamu Kilangala. Mama akaja na Somoe, majipu yamekauka. Siku hiyo hata ugali ulinitoka na madonge. Mama hakukagua kitu. Alikaa kwenye kiti cheupe akasema, "Nina njaa."

Mume wangu alikuwa kibarazani, maana mkwe haketi kula na mama mkwe wake. Ndani tulikuwa sisi. Somoe akakaa kwenye benchi, nyayo zote chini. Hamisi akalishika benchi akainuka, halikusogea. Nikaanza kupumua. Mara dada mtu akampandisha ubaoni, naye Hamisi akaketi, akakojoa. Pale pale, sisi tunakula. Mkojo ukatambaa juu ya ubao ukadondoka chini.

Somoe akaacha kutafuna. Mimi nikainuka, nikamshusha mtoto, nikamwaga maji, nikapitisha sabuni, nikasuuza, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Kisha nikapapasa ubao kwa kiganja, nikakinusa kiganja changu mbele yao.

Mama akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akaendelea kula.

Kesho yake aliondoka na bakora yake tu; Somoe alibaki kwenye benchi lake.

Sasa nawaona ninyi wa leo, mnaletewa picha za viti kwenye simu, mnahaha kama nilivyohaha mimi. Sikiliza, na usinune. Kitambaa na sponji peleka sebuleni, jikoni visikanyage maadamu una mtoto anayemwaga. Kiti cha jikoni kiwe kizito chini, laini juu, kisicho na mifereji ya kuficha makombo, kisicho na pembe ya kumtoboa mtu paji. Mkalishe mtoto mwenyewe hapo dukani. Miguu ikining'inia, kirudishe. Mwaga kitu, ufute, unuse. Muuzaji akinuna, nenda kwa mwingine. Na kikishafika nyumbani kiweke mbali na moto, kioshe siku ile ile, kipige jua. Wala usinunue kwa ajili ya macho ya mgeni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mwanao yupo hapo asubuhi, mchana na jioni.

Mwenyezi Mungu akujaalie watoto wa kukuchafulia viti, akupe na maji ya kuvioshea, na kila unayemketisha jikoni kwako umwone akiinuka mzima, akue mbele ya macho yako. Amina.