Orodha ya Leonia Huanzia Kilimani

"Nakuuliza tena, Bwana Mratibu. Huyu Minani mwenye miaka minne anashukia kambi ipi?"

Saa moja na nusu asubuhi, na ugomvi huu ulianza hata kabla chai haijachemka. Leonia Rusimbi amesimama mbele ya meza ya bosi wake, karatasi mkono wa kulia, karatasi mkono wa kushoto. Elinipa, mratibu wa kituo cha watoto wakimbizi waliopotezana na wazazi, hapa ufukweni Kigoma, anaendelea kuandika.

"Orodha inasemaje, mama?"

"A hadi M kambi ya kwanza. N hadi Z kambi ya pili."

"Basi umejijibu. Minani ni M."

"Na dada yake ni Nyandwi."

Elinipa anainua uso. "Kama ni ndugu, mbona hawana jina moja la ukoo?"

"Kwao Burundi hakuna jina la ukoo, bosi. Kila mtoto anapewa lake. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane. Ukimwona wa nane, ujue wa saba yupo mahali. Mtu yeyote wa Kasulu angekwambia."

"Mimi si mtu wa Kasulu."

"Ndiyo maana nakwambia mimi."

Nje, malori mawili yameshaegeshwa. Yanatakiwa kuondoka saa tatu, moja kwenda kila kambi, na kambi hizo zimeachana mwendo wa kutwa. Nyandwi ana miaka saba. Amekaa kwenye mchanga, ameshika ncha ya shati la mdogo wake kama mtu aliyefunga mbuzi.

Leonia ana miaka thelathini na minane na watoto wanne. Anakaa mtaa wa Mwanga hapa mjini, nyuma ya soko, na ni karani wa masijala wa kituo hiki tangu Oktoba mwaka jana, 1996, mitumbwi kutoka Burundi ilipoanza kuwa mingi. Mingine hutua hapa mjini. Mingine huishia kijiji cha Mwamgongo, na watu huletwa siku ya pili. Asubuhi hii ya Januari kituo kina watoto mia mbili na kumi na wawili wasio na mtu mzima wa kuwajibia.

Kazi yake ni kuwaandika. Ukidhani hiyo ni kazi ya kukaa kitini, mwulize.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe," anasema, na hapo sauti inashuka ingawa hasira haishuki. "Novemba nilipiga taipu orodha ya alfabeti, safi, haina kosa hata la herufi moja. Havyarimana akaenda huku, Ndayizeye akaenda kule. Mtu na mdogo wake. Ilichukua wiki tano kuwakutanisha. Yule mdogo alipoletwa alikuwa ameacha kusema. Miaka mitano, haongei. Orodha yangu ilikuwa nzuri kweli."

Jioni alipoletwa mtoto huyo, Leonia alikwenda nyumbani, akatoa sandukuni madaftari yake ya chuo cha uhazili cha Tabora. Mkufunzi mmoja, Mwalimu Brigita, aliwafundisha kupanga habari kwa ngazi mpaka wakamchukia. Mada kuu inapewa namba ya Kirumi. Ndani yake herufi kubwa. Ndani ya herufi, namba ya kawaida. Ndani ya namba, herufi ndogo. Kila kinachoingia ndani kinasogezwa kulia kwa upana wa kidole gumba, ili jicho lione nani yuko chini ya nani.

"Tulikuwa tunapanga vitu vya kijinga. Aina za bahasha. Sehemu za barua," anasema. "Lakini alikuwa na sheria moja. Hakuna A peke yake. Ukiandika A na B haipo, ama hukupaswa kugawa, ama kuna kitu umekisahau. Rudi ukakitafute."

Kesho yake akaanza orodha upya. Namba ya Kirumi ni mkoa wa Burundi. Herufi kubwa ni tarafa, wao wanaita komini. Namba ya kawaida ni kilima, kwa kuwa kule watu hawakai vijijini kama sisi, wanakaa vilimani. Herufi ndogo ni kaya. Watoto wanaingia chini ya kaya yao.

Hamuulizi mtoto jina la baba. Wengi wanasema "data", yaani baba, basi. Anapiga magoti, anauliza kwa Kirundi, ambacho kwa Muha kama yeye ni lugha ya jirani: "Uva ku wuhe musozi?" Unatoka kilima gani? Hata wa miaka mitatu anajua.

Kaya ikiwa na mtoto mmoja tu, Leonia anaweka vitone kwenye mstari unaofuata, mahali pa B anayekosekana, anachukua kalamu na kuzunguka mahema. Tangu hapo, watoto sabini na tisa wamepata ndugu waliokuwa humu humu. Wawili walikuwa wanalala wametenganishwa na mahema matatu tu, wiki nzima, kila mmoja akijua amebaki peke yake duniani.

Na vile vitone ambavyo havijazwi?

"Kuna B zilizobaki ziwani," anasema. "Sizifuti. Naacha nafasi."

Elinipa si mtu katili. Ametumwa kutoka Kilimanjaro, ana usingizi wa siku nne machoni, na ana hoja yake. Kambini kadi za chakula zimepangwa kwa alfabeti. Orodha ya alfabeti imeshasomewa makambi kwenye redio ya upepo, na wakubwa wameikubali.

"Hii yako ni kurasa nne, mama. Mpakua mahindi ataijulia wapi?"

"Atafundishwa. Mimi nilifundishwa Tabora na sikuwa na akili nyingi."

"Watakutana baadaye. Kuna utaratibu wa kuwatafuta."

"Unawapoteza ili uwatafute?"

Elinipa anasukuma orodha ya alfabeti mbele yake. "Saini hapo. Muda umekwisha."

Ndipo ugumu ulipo. Bila saini ya karani wa masijala, kizuizi cha barabarani hakipitishi lori lenye watoto. Na mkataba wa Leonia ni wa mwezi mmoja mmoja, shilingi elfu thelathini na nane, unakwisha keshokutwa Ijumaa.

"Ijumaa nasaini mikataba mipya," Elinipa anasema polepole, macho kwenye kalamu. "Fikiria wanao."

"Wanangu jana usiku walilala chumba kimoja, bosi. Wanne. Walipigana kwa ajili ya blanketi mpaka nikawachapa."

Anainama mezani. Anachora mistari miwili kwenye orodha ya alfabeti, kona hadi kona, anaandika BATILI na jina lake chini. Kisha anasaini ile yake, ukurasa kwa ukurasa, zote nne. Muhuri uko karibu na kiwiko cha Elinipa. Anauchukua, anagonga mara nne, anaurudisha mahali pake.

"Leonia. Mimi sitakutetea."

"Sijakuomba."

Uwanjani, Hamdani, dereva wa Ujiji, ananing'iniza mguu nje ya mlango wa lori.

"Shikamoo, mama. Karatasi gani hiyo, imejaa ngazi kama nyumba ya Mwarabu?"

"Marahaba. Lori lako linabeba namba moja na namba mbili za Kirumi, Bururi na Makamba. La mwenzako zilizobaki. Hakuna kaya inayogawanywa. Kizuizini wakiuliza, sema karani kasaini, jina hilo hapo."

Hamdani anasoma, anakuna kidevu. "Na Ijumaa wakikufukuza?"

"Nina taipu nyumbani. Nitapiga barua za watu sokoni Mwanga, na jioni nitakuja hapa kumfundisha atakayekaa kitini pangu. Fungua bodi."

Bodi inafunguliwa. Leonia haiti majina. Anaita vilima.

"Mugara!" Watoto tisa wanasimama kutoka pembe tofauti za uwanja, wanatazamana.

"Kabonga!"

Nyandwi anasimama. Anamwinua Minani kwa makwapa, anashindwa, Hamdani anampokea juu. Kisha Nyandwi naye anapanda, hajaachia shati. Leonia anaweka tiki mbili, moja chini ya nyingine, na kuita kilima kinachofuata.

Saa tatu na dakika kumi, lori la kwanza linatoka getini.