Simu Hamsini na Nane Zisizoita

Saa tatu asubuhi. Ndani ya kibanda kinachotosha meza mbili tu, fundi simu anayejulikana kama Dada Betri anaipigia simu iliyo mbele ya pua yake. Haiiti. Anapiga tena, kimya.

"Nimewaharibia watu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu," anasema bila kuinua macho.

Simu hiyo ni ya mkunga wa zahanati ya jirani. Jana mama mwenye uchungu alimpigia mara nne bila kumpata, ikabidi mumewe amfuate kwa pikipiki. Mtoto kazaliwa salama, lakini mkunga leo hana utani.

"Angenifia yule, ningewaambia nini watu?" anauliza, kasimama mlangoni na mkoba begani.

Kwa miaka sita, Dada Betri na wenzake wa kujitolea wamekuwa wakitengeneza mfumo huria wa kuendeshea simu za zamani, zile ambazo kampuni zimezipa kisogo. Yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Dada Betri halipwi hata senti. Anakula kwa kubadilisha vioo na betri, na wenzake humchangia bando na simu mbovu za majaribio.

Juzi alitoa toleo jipya la mfumo huo. Alilijaribu kwenye simu yake, ikaita vizuri. Alichosahau ni kwamba simu hiyo kaiunga kwa mizoga ya simu tatu mbovu, na kipande chake cha kupokea mtandao si kama cha wengine.

"Simu yenyewe ni chotara, nami nikaridhika nayo," anasema. "Uzembe mtupu."

Dosari kaipata ndani ya saa moja, na marekebisho yako tayari. Kinachomtoa jasho ni kingine. Toleo bovu limepakuliwa mara hamsini na nane, na hajui na nani. Mfumo wao hauhifadhi jina wala namba ya mtu. Ndiyo sababu watu waliupenda. Wenye simu hizo wanadhani tu hakuna anayewatafuta, na kuwapigia ndiyo hivyo tena, simu haziiti.

"Orodha huna kabisa?" mkunga anauliza.

"Sina, dada. Tulikubaliana tusiwe nayo."

"Basi kila aliyemwekea mwenzake amfuate. Mimi niliwawekea wauguzi wanne. Naanza nao."

Ujumbe unatumwa kwenye kundi lao, pamoja na marekebisho. Majibu yanaingia moja moja: mshonaji kawapata wawili, mwalimu kazunguka mtaa mzima kwa miguu. Dada Betri anachora mstari kwa kila simu iliyopona, kwenye boksi la vioo. Saa nane mistari ni hamsini na mmoja. Saa kumi ni hamsini na saba.

Anaitazama mistari, kisha anaweka bisibisi chini taratibu.

"Baba," anasema. "Nilimwekea juzi ileile. Jana nimempigia mara mbili hakupokea, nikamnunia."

Baba yake ni mstaafu mwenye presha, anayeishi peke yake mwendo wa dakika ishirini. Dada Betri anaondoka mbio, kompyuta kwapani. Akifika habishi hodi. Anasukuma mlango tu.

Mzee yupo kitini, mzima, simu kailaza gotini.

"Imejaa chaji," anasema. "Nimekaa nayo tangu juzi. Nikajua mwanangu kanichoka, nami sipendi kumsumbua mtu kazini."

Dada Betri anapiga magoti na kuiunganisha simu na kompyuta huku machozi yanamtiririka. Kazi inachukua dakika tisa. Katika dakika hizo anaeleza mpango wake: hakuna toleo litakalotoka tena kabla ya kujaribiwa kwenye simu kumi za watu kumi tofauti, na ya kwanza itakuwa ya baba.

Kisha anapiga. Inaita.

"Pokea, baba."

"Si uko hapahapa?"

"Pokea tu."

Mzee anaiweka sikioni na kumpa mgongo kidogo, kama mtu anayetaka kusikia vizuri.

"Haloo, mwanangu," anasema. "Nilikuwa nakungoja."