Sauti ya Pili Iliyofutwa

Watu wa mtaa wa Nadera walimjua Laisani kwa masikio yake. Mtu akirekodi wimbo nyumbani, asijue kama umeiva au bado mbichi, aliambiwa, "Mpelekee Laisani akusikilizie." Na wote waliomfahamu tangu kiwandani, alikoshona sare za shule na kugombana na kila msimamizi aliyewekwa juu yake, walishangaa. Mwanamke mwenye hasira za karibu kiasi kile, mbele ya wimbo wa mtu alikuwa mpole kama maji ya mtungini.

Sababu ilikuwepo. Alipokuwa msichana huko Levuka, alirekodi wimbo wake kwenye kaseti akampa mwalimu wa kwaya. Yule bwana alikaa nayo weee, kisha akairudisha akiwa kimya. Hakusema mzuri, hakusema mbaya. Laisani hakutunga tena. Alipokuwa mtu mzima alisema afadhali angetukanwa, maana tusi lina mwisho, lakini kimya kile alizeeka nacho.

Basi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mikeka ilitandikwa barazani kwake. Mumewe, Peceli, alikamua kava, kinywaji cha mizizi iliyotwangwa, kwenye bakuli, spika ikatolewa ndani, na watu wakaja na nyimbo zao kwenye simu. Hawakuwa wanamuziki wa kutajwa. Huyu kinyozi, yule nesi, mwingine fundi bomba. Walirekodi vyumbani mwao, magodoro yameegemezwa ukutani, blanketi limetundikwa dirishani, watoto wamefukuzwa nje. Na bado ukitega sikio ungemsikia jogoo wa jirani katikati ya ubeti.

Laisani aliwawekea sharti. "Kwanza mwambie mwenzio kilichokugusa. Halafu kimoja, kimoja tu, cha kurekebisha. Kisha kunywa kava yako unyamaze."

Vinesh, yule kinyozi, alikuwa wa kwanza kila mara.

"Vinesh, umenigusa pale unapomwita mama yako," Laisani alimwambia siku moja. "Ila hilo besi limemkalia mwimbaji kifuani. Lipunguze apumue."

"Nimekusikia, dada."

"Mwimbaji ndiye aliyelikalia besi," Peceli akadakia. "Hamuoni kitambi hicho?"

"Cheka tu, mzee. Utakuja kunyolewa. Utaondoka na sikio moja."

Ndivyo baraza lilivyokuwa. Kifuu cha kava kilizunguka, makofi yakapigwa, na mtu aliondoka akijua wimbo wake unachechemea mguu gani, bila kuona haya.

Miongoni mwao walikuwapo Emosi na dada yake Akeneta. Emosi alitunza bustani katika hoteli moja mjini, Akeneta alifua mashuka hospitalini. Emosi alikuwa ametunga wimbo juu ya kijiji chao cha kisiwani, jinsi kimbunga kilivyokisomba na kuacha ngazi za nyumba zinazopanda kwenda hewani. Maneno yalikuwa ya Emosi, gitaa la Emosi. Lakini kwenye kiitikio iliingia sauti ya pili, nyembamba, isiyo na neno hata moja, ikipanda juu ya ile ya kwanza na kutetemeka kama inataka kukatika, isikatike. Hiyo aliibuni Akeneta mwenyewe.

Wimbo ulipokwisha, hata Peceli hakuwa na mzaha.

"Umenigusa wote," Laisani alisema. "Ila Akeneta yuko mbali mno. Ulimsimamisha wapi, Emosi? Kwenye sinki?"

"Ndani ya sinki kabisa, shangazi. Chumba ni kidogo."

Watu wakaangua kicheko, na Akeneta akaficha uso kwa kiganja.

"Mlete karibu," Laisani akasema. "Yeye ndiye wimbo."

Jumamosi iliyofuata Emosi alirudi nao umerekebishwa. Siku hiyo alikuja na mgeni, kijana aitwaye Kaminieli, mpwa wa mchungaji, aliyerejea kutoka Auckland alikosomea mambo ya sauti. Alikuwa amejijengea studio nyumbani kwao kule juu kilimani, na hedifoni zilimning'inia shingoni hata pasipo na cha kusikiliza. Walimkaribisha vizuri. Alipewa kifuu cha kwanza na nafasi ya juu ya mkeka.

Wimbo ukapigwa. Kabla haujatulia, Kaminieli akainua mkono.

"Mniwie radhi, mimi nitasema ukweli, maana naona hapa mnabembelezana tu. Wimbo unafaa. Gitaa linafaa. Lakini huyo mwanamke anayelia huko nyuma, mtoe. Ni kama mbuzi aliyefungiwa bafuni."

Akeneta alikuwa pale pale na sinia la mihogo mikononi, akiwagawia watu.

Kisha, na hili ndilo ambalo Laisani hakuwahi kulisamehe, watu wawili watatu wakacheka. Si kwamba waliona raha. Walicheka kwa sababu aliyesema ametoka ng'ambo.

"Umemaliza?" Laisani akauliza.

"Ni ushauri tu, shangazi. Huko nje watu wanaambiana wazi."

"Huko nje hawana mama? Ukweli hata sisi tunasema! Vinesh nimemwambia besi lake linaua watu, na bado anakuja. Wewe hukusema ukweli, umemtukana mtu aliyekuletea muhogo!"

Peceli alimvuta pindo la gauni. "Mama, mama. Mpwa wa mchungaji huyo."

"Hata angekuwa mpwa wa Musa! Kijana, ndala zako ziko pale ngazini."

Kaminieli aliondoka akitabasamu, kama mtu aliyezoea kuona washamba wakikasirika. Emosi alibaki ameinamisha kichwa. Akeneta aliendelea kugawa mihogo, na utulivu ule ulimuuma Laisani kuliko kama angelia.

Tangu siku ile Emosi hakuonekana barazani. Laisani alidhani ni aibu, akamwonea huruma. Alimtumia salamu kwa watu na bakuli la majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui.

Kumbe salamu zilikuwa zinapelekwa pasipo mtu, mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine. Asubuhi moja alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, redio imewashwa, akasikia gitaa analolijua. Alisimama na kipande cha nazi mkononi.

"Peceli! Emosi huyo! Emosi yuko redioni!"

Na kweli ulikuwa wimbo wa Emosi, safi, kila chombo kimekaa mahali pake. Laisani alikuwa amekwisha anza kucheka kwa furaha kiitikio kilipofika. Sauti ya pili ikapanda. Haikuwa ya Akeneta. Ilikuwa ya msichana fulani, tamu, laini, haina mtetemo wowote, ikiimba njia ile ile ya Akeneta, kupanda kwake kote na kushuka kwake kote. Mtangazaji akamtaja Emosi, akamtaja huyo msichana, akamtaja Kaminieli kuwa ndiye mtengenezaji. Basi.

Laisani hakumaliza nazi ile. Alivaa ndala akaenda moja kwa moja kwa Akeneta, akamkuta anaanika nguo.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Jirani alifungulia kwa sauti."

"Alikwambia?"

Akeneta alibana kibanio kwenye kamba, akatafuta kingine. "Hakuniambia."

"Na wewe utamwambia nini?"

"Shangazi, ni kaka yangu. Unajua siwezi."

Laisani alijua. Kaka na dada wa tumbo moja hawataniani wala hawajibizani. Wanaheshimiana hata macho wanakwepana. Heshima hiyo ni nzuri, na yeye mwenyewe alilelewa nayo. Lakini siku ile aliiona imegeuzwa mlango wa kutokea mwizi.

"Basi mimi nitamwambia," alisema. "Mimi si dada yake."

Kwanza alipanda kilimani kwa Kaminieli. Kijana alimpokea kwa adabu zote, akamwekea kiti, akamtilia chai. Hilo nalo lilimkera, maana alikuja amejiandaa kukutana na shetani.

"Shangazi, wimbo umependwa," Kaminieli alisema. "Emosi anasikika nchi nzima. Hebu niambie, nani ameumia?"

"Akeneta."

"Nani?"

Laisani alimtazama. Alikuwa hatanii. Mtu alikuwa ameketi karibu naye, amekula muhogo wake, amemwita mbuzi, amechukua tuni yake akampa mwingine, na jina lake halijui! Laisani aliisukuma chai bila kuigusa, akatoka bila kuaga.

Jumamosi alimwita Emosi, na Emosi akaja. Baraza lilijaa kuliko kawaida, maana habari zina miguu. Alikuwa amevaa msuli wake wa kanisani na ameshika fungu la mizizi ya kava, ishara ya anayejua amekosa. Akeneta hakuwapo.

"Shangazi," alianza, "mwenyewe ulisema sauti yake iko mbali."

"Nilisema umlete karibu!" Laisani alipaza sauti hadi mbwa wa jirani akajibu. "Nilisema umlete karibu, Emosi! Nani alikwambia umtupe nje? Leo maneno yangu ndiyo kisu ulichomchinjia dada yako?"

Emosi aliliweka lile fungu la kava mkekani.

"Lete zote mbili. Ile ya jikoni na hii ya redio. Tuzisikilize kama tunavyosikiliza nyimbo za watu wote hapa."

Zikapigwa, moja baada ya nyingine. Laisani alifumba macho mpaka mwisho. Wote walingoja aiponde ile ya redio.

"Ya redio ni nzuri zaidi," alisema. "Sitadanganya kwa sababu nimekasirika. Ngoma imetulia, gitaa linang'aa, ule mvumo kama wa friji umeondoka. Yule kijana kazi yake anaijua, na huyo binti kafundishwa vizuri kuimba. Lakini ni mali ya wizi. Meza nzuri iliyoibwa ni meza nzuri, na imeibwa."

"Kaminieli alisema wakiisikia sauti ile hawataupiga," Emosi akasema taratibu.

"Na wewe ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

"Ndiyo! Hukusema kitu." Akawageukia wengine. "Nanyi msijifanye watakatifu. Mlicheka siku ile. Mnajijua, sitawataja. Mmekunywa kava yangu miaka yote hii, mmekuja hapa na nyimbo zina jogoo, zina watoto wanaokohoa, hakuna aliyewacheka. Akaja mtu mmoja na hedifoni, mkasahau adabu mliyofundishwa na mama zenu!"

Vinesh alitazama mkeka. Peceli alikoroga kava isiyohitaji kukorogwa.

Emosi akasogeza lile fungu mbele ya Laisani kwa mikono miwili.

"Hiyo si yangu," Laisani akamwambia. "Ipeleke inakostahili. Ukifika kaa chini, usijitetee."

Alilipeleka, amefuatana na mjomba wao aliyemsemea, kama inavyopasa. Akeneta alilipokea, makofi yakapigwa, mambo yakaitwa yamekwisha. Emosi alienda hadi redioni kueleza sauti ya pili ni ya nani, na mtangazaji akalisoma jina la Akeneta hewani mara moja. Alilikosea. Kaminieli alipoombwa aurekodi upya alikataa. Alisema wimbo uliokwisha kupendwa hauguswi. Kwa hiyo hadi leo unapigwa vile vile, na Laisani akiusikia, iwe kwake, iwe dukani, iwe kwenye harusi ya watu, huomba redio izimwe. Wengine humwambia anazidisha, dada mwenyewe alikwisha kusamehe. Huwajibu kwamba Akeneta amesamehe lililo lake. Yeye lake bado analo.

Majira ya mvua yalipita. Akeneta alirudi barazani na simu yake, akaketi upande wa wanawake.

"Nina kitu," alisema.

Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, juu ya mashuka ya hospitali na watu waliolala ndani yake, ambao yeye huwajua kwa madoa tu. Sauti zote mbili ziliimbwa na yeye. Nyuma ilisikika mvua juu ya bati. Ulipokwisha, watu walikimbilia kumsifu, huyu akimkatiza yule: mzuri mno, haujapata kutokea, usiguse kitu. Emosi, aliyekuwa chini karibu na mlango akipitisha kifuu, ndiye pekee asiyesema. Alikuwa anafuta macho.

"Acheni kumlamba!" Laisani akawakemea. "Juzi mlimcheka, leo mnampaka asali. Vyote ni kutomsikiliza." Kisha akamgeukia Akeneta, na sauti yake ikabadilika. "Pale unapomtaja yule mzee asiye na jamaa, mwili umenisisimka. Ila sauti ya juu umeificha chini ya hii nyingine. Unaiogopea nini?"

Akeneta aliigeuza simu kiganjani. "Mnaijua. Ndiyo ile ya mbuzi."

"Ipandishe."

Wiki iliyofuata aliileta. Alikuwa ameipandisha kweli kweli. Kiitikio kilipoingia spika ilikoroma, na Peceli akamwaga kava mapajani.

"Mama yangu! Sasa hiyo imepasuka!"

"Imezidi kidogo, eh?" Akeneta akauliza, na kwa mara ya kwanza barazani pale hakuficha uso alipocheka.

"Imezidi sana," Laisani akasema. "Ishushe unywele mmoja. Mmoja tu."