Seremala Aliyeacha Kujikuna Sikio

Wanafunzi wake walimwita Mama Karatasi, na wala hakununa. Angenunaje, na mkoba wake siku zote umefura karatasi kama shavu la mwenye jino bovu? Alifundisha watu wazima Kiingereza, saa za jioni, katika chumba cha nyuma cha maktaba: walinzi, wapishi, wafagizi wa hoteli, watu waliokuja na uchovu wao mgongoni. Vitabu vya dukani alivipa kisogo zamani.

"Kitabu kinamfundisha mlinzi kukata tiketi ya treni," alifoka. "Treni ya kwenda wapi? Mfundishe kumwambia mgeni asiegeshe gari langoni!"

Basi masomo akayatunga mwenyewe. Mama huyu hakuwa mvivu, tusidanganyane. Aliwahi kushinda siku nzima kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, daftari gotini, akisikiliza wafanyakazi wanagombezwa kwa lipi, na akatoka na somo zima la mgeni aliyekosa maji ya moto.

Lakini hakuna karatasi iliyofika darasani kabla haijapita kwa mumewe. Mume alikuwa seremala, shule aliiachia darasa la nne, Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. Kila asubuhi, kabla hajaenda karakana, mkewe alimwekea mezani chai na karatasi mpya, Kiingereza pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili. Mzee akisoma akajikuna sikio, basi, karatasi inachanwa palepale.

"Asipoelewa huyu," alisema Mama Karatasi, "kosa ni la karatasi, si la kichwa chake."

Jamani, ni walimu wangapi wanaweza kusema hivyo? Wangu mimi walisema kinyume chake, tena kwa fimbo.

Miaka kumi na moja mambo yalikwenda hivyo. Halafu mwaka huu sikio la seremala likapumzika. Karatasi baada ya karatasi mzee anasoma, anatikisa kichwa kukubali, anamalizia chai. Mama Karatasi akafurahi, akajiona mkono umekomaa, akatunga masomo marefu zaidi. Na darasani watu wakaanza kupukutika. Walikuwa thelathini, wakawa ishirini, wakawa tisa. Mkutubi, mtu wa maneno machache, akamwambia wakishuka chini ya wanane mwisho wa mwezi, chumba atawapa wanaojifunza ushonaji.

Nyumbani hakusema neno. Aliona aibu. Alijiambia uzee umemfika, kipaji kimemtoroka, na jambo pekee alilolijua duniani linamponyoka mkononi.

Jioni moja mlinzi, mwanafunzi wake wa siku nyingi, alimsubiri mlangoni kofia mkononi. "Mwalimu, usinichukie. Karatasi zako siku hizi ni nzito. Tunaona haya kukwambia."

"Nzito? Mume wangu anazielewa, na hajasoma!"

Hakulala vizuri. Kulipokucha akakuta mume ameshatoka, akabeba karatasi moja iliyowashinda wanafunzi, akamfuata karakana, ampime upya mbele ya macho yake. Alipofika dirishani akasikia sauti mbili. Mteja mmoja, mgeni wa nchi ya mbali, alikuwa anang'aka kwa Kiingereza kwamba kitanda chake kimechelewa. Na seremala, randa mkononi, alikuwa anamjibu kwa Kiingereza hichohicho, taratibu bila kutetereka: anaomba radhi kwa usumbufu, mbao bado mbichi, zikilazimishwa zitapinda, Alhamisi kitanda kitakuwa tayari. Mteja akapoa, akampa mkono, akaenda zake.

Lo! Maneno yale ya kuomba radhi ni yake Mama Karatasi. Yalitoka kwenye somo la maji ya moto, neno kwa neno.

Aliingia akasimama kwenye maranda ya mbao. "Tangu lini, mzee?"

Seremala aliruka kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. "Sijui. Haba na haba, mke wangu. Miaka kumi na moja, hata ukuta ungejua."

"Mbona ulininyamazia? Darasa langu linakufa! Napima uzito wa mzigo kwa mtu mwenye mabega!"

"Kuwa linakufa hukuniambia." Aliinamisha macho. "Niliogopa. Nikisema najua, utatafuta mwingine wa kumpima. Na mimi asubuhi nitakaa na nani?"

Mama Karatasi alicheka, halafu akalia, halafu vyote viwili kwa pamoja.

Jioni ile alisimama mbele ya wanafunzi tisa, akatoa masomo ya mwaka mzima, akayachana mbele yao. "Kosa lilikuwa la karatasi," alisema. "Kawaambieni waliokimbia." Mlinzi aliwapitia wenzake mmoja mmoja, na kabla mwezi haujaisha mkutubi alikuwa anatafuta viti vya kuongeza.

Jumatatu ya kwanza baada ya jioni ile, jirani muuza mboga, ambaye Kiingereza kwake ni kelele tu, alikaribishwa mezani kuwa mpimaji mpya. Jirani alipopewa karatasi, seremala aliinuka, akachukua kikombe chake, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi na chai?" mkewe akauliza.

"Karakana. Kazi yangu hapa si imekwisha?"

"Kaa chini, mzee. Nani alikwambia chai ilikuwa ya mtihani?"

Akakaa.