Mfenesi wa Bustani ya Mafiga

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile lori lilipomwaga mawe kwenye bustani yetu hapa Mafiga. Wakati huo haikuwa bustani. Kilikuwa kiwanja kitupu katikati ya nyumba zetu, sisi tunachezea mpira, mama zetu wanaanika mihogo. Kumbe tajiri mmoja alikwishaamua kujenga fremu za maduka. Vijana tukapandwa na hasira: "Hapa petu! Hapajengwi!"

Bibi yangu mzaa mama, Mluguru wa milimani hasa, akatoka na ufagio mkononi. Nikadhani anamfuata dereva. Thubutu! Akanijia mimi.

"Petu, petu! Umepanda nini hapa?"

Mwenye kelele hana neno.

"Kwetu mlimani," akasema, "ukiazimwa shamba unapanda mahindi, unapanda maharage. Mti hupandi, maana anayepanda mti amesema haondoki. Ninyi mmekaa hapa miaka yote kama watu walioazimwa. Nendeni mkalete miche!"

Basi, kabla jua halijazama kila nyumba ilikuwa imechimba shimo lake. Bibi akapanda mfenesi, tena kando kabisa ya yale mawe. Tajiri aliporudi na mwenyekiti wa mtaa, alikuta kila mama amesimama kwenye mche wake, kimya. Mwenyekiti, naye Mluguru, akaitazama ile miche, kisha akamwambia, "Mzee, hapa pana wenyewe." Mawe yakapakiwa. Kiangazi kile tulibeba ndoo za maji mpaka mabega yakachubuka, na nilinung'unika sana, nisikudanganye.

Leo nasikia wewe na wenzako mnataka kuukata mfenesi ule mpate pa kuoshea pikipiki. Ala! Mimi ningali hai. Kesho alfajiri nitaweka kiti changu shinani pake, na atakayekuja na shoka aanze kwa kuniamkia shikamoo.

Sikia basi, mwanangu. Mahali hapadaiwi kwa mdomo, panadaiwa kwa jembe. Unatafuta pa kufanyia kazi? Sikukatazi riziki. Upande wa mfereji pana nafasi, nitakuonyesha mwenyewe, ila uje na mche mkononi. Mungu akupe nguvu ya kuumwagilia na umri wa kula matunda yake. Na usipoyala wewe, wayale wajukuu zako, wakiulizana ni nani aliyekataa kuondoka hapa.