Taulo Isiyokunywa Maji

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Embu ikiuma hadi kwenye kucha, nilipokaribia kubaki peke yangu nyumbani kwa sababu ya taulo. Usicheke bado. Utacheka vizuri ukifika mbele.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili pale Dallas, mtaa mmoja wa Embu. Mke wangu Karimi alikuwa amejifungua msichana wetu wa kwanza, Makena, wiki mbili tu kabla ya hapo. Mimi unanijua, ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakienda kutazama mpira, mimi natazama karai. Nikaapa kwamba nguo zote za mtoto nitafua mwenyewe. Kidato cha nne nilimaliza, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kututahini kufua taulo.

Nilifua kwa mapenzi, na mapenzi yangu yalikuwa na povu jingi. Sabuni ya unga nilitia vikombe viwili mahali pa vijiko viwili. Kisha ile dawa ya kulainisha nguo: chupa iliandikwa kifuniko kimoja, nami nikaona hicho ni kipimo cha watu wasiopenda watoto wao. Nikamimina. Mwisho nikapiga taulo pasi hadi zikang'aa. Nyumba nzima ilinukia waridi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wakati huo methali hiyo niliijua ya mtihani tu.

Mama mkwe akaja kutoka kwake Kaaga kumwogesha mjukuu. Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hatukai meza moja, wala hakulala kwangu; jioni alienda kwa dada yake mtaa wa nyuma. Akiwa na neno nami, alimwambia mtu mwingine, mimi nikiwa nasikia. Asubuhi hiyo huyo mtu mwingine alikuwa Makena, mwenye wiki mbili duniani.

Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Nikasikia mtoto akitolewa majini, akifunikwa, kisha akilia kilio kile cha baridi. Nikachungulia. Mama mkwe alikuwa akimfuta na kumfuta, na maji yanahama tu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Midomo ya mtoto ilikuwa inatetemeka. Mama akavua leso yake mwenyewe akamfunga nayo.

"Makena," akasema kwa sauti ya kanisani, "hebu muulize baba yako, hii ni taulo ama ni jani la nduma, maji yanateleza tu juu yake?"

"Mama, amejitahidi," Karimi akasema.

"Kwani nani amemkataza kujitahidi? Makena, mwambie hivi: kama kesho kutwa nyumba hii bado haina kitu cha kukausha mtoto, wewe na mama yako mtapanda gari na mimi. Mtakaa Kaaga mpaka utembee."

Mwanangu, ningeweza kununa, mwanamume hakosi sababu ya kununa. Lakini nilikohoa, nikasema nikiwa bado nyuma ya pazia, "Makena, mwambie nyanya yako baba yako hajui. Afundishwe."

Mama mkwe akamwambia mtoto: "Angalau ana mdomo. Makena, mwambie sabuni na hayo manukato yake yameziba nyuzi, maji yatapita wapi? Aloweke taulo kwa maji ya moto na kikombe cha siki, bila sabuni, bila dawa nyingine yoyote. Asuuze mpaka maji yawe kama ya kunywa. Azikung'ute kwa nguvu, azianike penye upepo. Na hiyo pasi aipeleke kwa mashati yake."

Niliziloweka kwa siki, nikazisuuza kwa maji matano, na maji ya nne bado yalitoa povu! Jua lilikataa kutoka siku nzima, nikawa natoka kila saa kuzigeuza kwenye kamba ya nyuma, majirani wananiuliza kama nachunga mbuzi. Kesho yake saa saba zilikauka, zimesimama nywele kama mtoto aliyeamka.

Siku ya tatu mama alichovya pembe ya taulo ndani ya karai. Ikanywa. Akamfunika Makena, akamfuta mara mbili tu, na mtoto akapiga miayo, akalala. Mama alimtazama kitambo. "Makena," akanong'ona, "mwambie baba yako nitarudi mwezi ujao." Akachukua kikapu chake, akaenda stendi peke yake.

Basi, mwanangu, shika haya. Taulo mpya ifue kabla ya kuitumia. Sabuni iwe kidogo, maji ya kusuuza yawe mengi, na dawa ya kulainisha uwaachie wenye sweta. Usiirundike ikiwa mbichi, itavunda. Ikianza kukataa maji, irudishe kwenye siki. Na ukiambiwa umekosea, hata kupitia kwa mtoto asiye na meno, jibu upesi kwamba hujui. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilibahatika, nilifunzwa na mama mkwe.

Mungu akupe nyumba yenye kamba ndefu na jua la mchana. Akupe mtoto wa kumkausha. Na akikuletea mtu wa kukukosoa, amlete mapema, ungali na muda wa kufua tena.